Handaki la maji si ngome: nyumba za zamani zilizozungukwa na maji mashambani Uingereza

Picha hizi huzunguka mitandaoni kila baada ya muda: nyumba ya mbao na matofali imekaa katikati ya maji kama bakuli ndani ya beseni, daraja moja la kuingilia, bata wanaelea. Maoni chini yake ni yale yale. Mmoja anasema ni ngome ya mfalme. Wa pili anauliza kama majini mna mamba. Wa tatu, aliyewahi kutembelea Fort Jesus, anasema Wareno walifanya hivyo hivyo Mombasa. Wote wanaanza na adui, na hapo ndipo wanapopotea. Anayetaka kuzielewa nyumba hizi aanze na udongo.

Lakini neno kwanza, maana kwa Kiswahili cha leo "handaki" limebebeshwa mengi. Treni ya SGR inapita kwenye mahandaki huko Kilosa. Hayo ni matundu yaliyotobolewa mlimani. Askari naye huchimba handaki la kujikinga risasi. Na Waislamu wanavijua Vita vya Khandaq vya mwaka 627, pale Madina ilipolindwa kwa mtaro mpana uliochimbwa upande wake uliokuwa wazi, kwa ushauri wa Salman al-Farisi. Neno letu limetoka kwenye Kiarabu hicho hicho. Hapa tunashika maana hii ya mwisho, ila tuongeze maji: mtaro mpana, wazi juu, unaozunguka kipande cha ardhi mpaka kikawa kisiwa. Huo ndio handaki la maji. Kipande cha katikati nitakiita kisiwa, na eneo zima, pamoja na nyumba, ua na mabwawa yake, nitaliita boma la handaki.

Kiingereza nacho hakijatulia. Neno lao, moat, limetokana na motte la Kifaransa cha kale, na motte ilikuwa kilima cha udongo wa kurundikwa, ambacho juu yake ulijengwa mnara. Baadaye jina likateremka kutoka kilimani hadi kwenye shimo ulikotolewa udongo. Ireland hawakuliteremsha wote: huko mtu akikuonyesha moat, huenda anakuonyesha kilima, na mji wa Moate katika Westmeath umepata jina lake kwenye kilima cha namna hiyo. Kwa hiyo vilima vya minara, vilivyojengwa zaidi karne ya 11 na ya 12, ni habari nyingine kabisa. Maboma ya handaki yalikuja baadaye, na walioyachimba walikuwa watu wa aina nyingine.

Tazama udongo kabla ya adui

Uingereza yenyewe, bila kuhesabu Wales, Uskoti na Ireland, ina maboma ya handaki yapatayo 6,000 yanayojulikana. Mengi yalichimbwa kati ya mwaka 1250 na 1350 hivi. Hayakutapakaa sawasawa. Yamesongamana mashariki na katikati ya nchi: Essex, Suffolk, Norfolk, Cambridgeshire, kisha Warwickshire na Worcestershire. Cornwall na Devon, kusini-magharibi, ni nadra kuyaona.

Kama sababu ingekuwa vita, ungetarajia yajipange mipakani, upande wa Uskoti na Wales ambako majeshi yalipita. Hayakujipanga huko. Ila ukiiweka ramani yake juu ya ramani ya udongo, zinakaribia kulaliana. Sehemu kubwa ya Suffolk na Essex imefunikwa na udongo mzito wa mfinyanzi ulioachwa na barafu kuu ya zama za kale. Mkulima wa majaruba ya Shinyanga au wa Mwea anazijua tabia za udongo wa namna hiyo. Wakati wa mvua unanasa buti, wakati wa jua unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na ukichimba shimo huhitaji saruji: maji yanakaa. Mwenzake wa ardhi ya kichanga akichimba bwawa la samaki analijaza jioni, asubuhi anakuta tope. Vivyo hivyo kwenye vilima vya chokaa na kwenye changarawe ya kingo za mito ya Uingereza, ukichimba mtaro utapata mtaro mkavu, isipokuwa pale maji ya ardhini yalipo karibu sana na uso, au mto ukiwa jirani wa kuchepushwa.

Udongo huo huo una ubaya wake. Nyumba za wakati ule zilisimama kwenye mihimili ya mbao iliyolazwa chini, na mbao kwenye mfinyanzi uliolowa huoza. Ukichimba mtaro kuizunguka nyumba, unyevu wa kisiwa unachuruzikia mtaroni. Ukiutandaza udongo uliochimbwa juu ya kisiwa, sakafu inapanda. Yaani kitu ambacho kwa macho yetu kinaileta nyumba majini ndicho kilichokuwa kinaitoa majini. Jambo hili ndilo gumu kuliko yote kumweleza mtu aliyezoea kuona handaki la maji kwenye filamu tu.

Kazi ya kulichimba

Chukua boma la ukubwa wa wastani. Kisiwa ni mraba wa mita 50 kwa 50, zaidi kidogo ya nusu eka. Handaki lina upana wa mita 8 juu na mita 4 chini, kina mita 2. Ukipima katikati ya handaki, mzunguko wake ni mita 232, na kila mita moja ya urefu inatoa mita za ujazo 12. Jumla ni karibu mita za ujazo 2,800. Kwa uzito wa mfinyanzi hizo ni kama tani 5,000, zaidi ya tripu 700 za fuso la tani saba, na zote zilitolewa kwa sepetu, vikapu na mikono.

Mtu mmoja mwenye nguvu, akichimba na kubeba, anamaliza mita za ujazo mbili na nusu kwa siku, tena siku nzuri. Mfinyanzi ukilowa unang'ang'ania sepetu na kila kikapu kinakuwa kizito maradufu. Ukikauka kabisa unataka sururu. Kwa hesabu hiyo watu 20 wanachukua siku 56 za kazi, miezi miwili na ushee. Udongo wote ukitandazwa juu ya kisiwa ungekipandisha kwa zaidi ya mita moja, lakini kwa kawaida haukuishia wote hapo. Mwingine ulijengewa tuta upande wa nje, mwingine ukasiliba kuta za fito.

Maji yalipatikana kwa njia tatu. Rahisi kuliko zote ni mvua na maji yanayotiririka kutoka mashamba ya juu. Handaki linakuwa kama lambo lililopindishwa likawa fremu. Ya pili ni chemchemi au maji ya ardhini yanayochuruzika kutoka ukingoni. Ya tatu, iliyohitaji fundi, ni kuchepusha kijito: mfereji unaingia kona moja ukiwa na banio la kupunguza au kuongeza maji, na unatoka kona ya pili kupitia mlango wa mbao. Kijito hakikupitishwa moja kwa moja ndani ya handaki bila banio, kwa sababu mafuriko ya mara moja yanaleta mchanga wa kujaza kona nzima na kuondoka na kingo.

Fundi alikosea wapi? Hasa kwenye mwinuko. Ardhi inayoonekana tambarare kwa macho inaweza kushuka mita moja kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi mwingine, na maji hayana adabu ya kubaki yalikowekwa. Upande wa juu unabaki tope, upande wa chini unafurika. Dawa yake ilikuwa kuinua tuta upande wa bondeni, kama tunavyofanya kwenye lambo la mifugo, au kuligawa handaki kwa vizuizi ili kila sehemu iwe na kimo chake cha maji. Ndiyo maana ukitembelea mabaki ya boma lililokuwa mtelemkoni unakuta tuta nene upande mmoja tu. Wageni wengi hudhani ni ukuta wa ulinzi uliobomoka pande nyingine.

Kosa la pili lilikuwa kingo. Mfinyanzi uliokatwa wima unasimama vizuri wiki ya kwanza, na watu wanaridhika. Mvua zikija unameguka vipande vikubwa na kuteleza majini. Wenye busara waliukata kwa mteremko, au wakauzuia kwa mbao na fito zilizosukwa. Wenye fedha walijenga kingo za mawe, na baadaye za matofali. Ightham Mote huko Kent na Baddesley Clinton huko Warwickshire ni nyumba ambazo kuta zake zinapanda moja kwa moja kutoka majini. Zinapendeza kwenye picha, lakini ni ujenzi wa gharama, na si sura ya maboma mengi. Kwa kawaida nyumba ilirudi nyuma ya ukingo, ikiwa na ua, jiko la pembeni, ghala na zizi.

Kuhusu mlango, wengine waliacha kipande cha ardhi bila kuchimba, wakapita hapo. Wengine walijenga daraja la mbao, miguu yake ikisimama juu ya mihimili mizito iliyolazwa chini ya handaki. Mihimili hiyo, kwa kuwa imefunikwa na tope lisilo na hewa, wakati mwingine inatoka ikiwa nzima baada ya miaka 700, na wataalamu wanahesabu pete za mti na kujua ulikatwa lini. Daraja la kuinuliwa kwa minyororo lilikuwa la wachache.

Nani alikuwa na fedha ya mchezo huo

Si wafalme, au tuseme si wao hasa. Tupige hesabu. Mnamo mwaka 1300 kibarua alilipwa kama peni moja hadi peni moja na nusu kwa siku, na pauni moja ilikuwa na peni 240. Siku za kazi 1,100 hivi za boma letu ni kati ya pauni nne na nusu na pauni saba. Mitaro mara nyingi ilipatanwa kwa kipimo cha urefu, kama vibarua wetu wa mitaro wanavyolipwa kwa mita hadi leo. Kabaila mwenye watwana wanaodaiwa siku za shokoa alipunguza zaidi gharama hiyo.

Sasa linganisha. Mwaka 1278 Mfalme Edward I aliagiza kila mwenye ardhi yenye pato la pauni 20 kwa mwaka achukue cheo cha naiti, yaani askari mpanda farasi wa tabaka la juu. Kwa hiyo naiti mdogo wa kijijini angelichimba handaki lake kwa theluthi ya pato la mwaka mmoja, au chini ya hapo. Maumivu yapo, lakini anaweza. Mkulima huru mwenye shamba kubwa, aliyefyeka msitu na kuuza ngano na sufu ya kondoo, naye akijikaza anaweza, hasa akiridhika na handaki jembamba. Nyumba za watawa zilikuwa nayo, maaskofu pia: kasri la askofu wa Wells lilipata kuta na handaki lake miaka ya 1340. Ila uti wa mgongo wa orodha ile ya 6,000 ni makabaila wadogo na wakulima waliofanikiwa.

Hapa kuna dhana moja ya kuondoa: kwamba kila handaki lilihitaji kibali cha mfalme. Kibali kilichojulikana sana kilihusu kuta zenye meno juu, zile za kujificha mpiga mshale. Lawrence wa Ludlow, mfanyabiashara wa sufu, alipata chake kwa ajili ya nyumba yake ya Stokesay mwaka 1291. John de Markenfield alikipata mwaka 1310, Edward Dalyngrigge mwaka 1385 kwa ajili ya kasri la Bodiam, na Edmund Bedingfeld mwaka 1482 kwa ajili ya nyumba ya Oxburgh, yenye handaki lake. Mtaro wa maji kuzunguka nyumba kwa kawaida haukuhitaji kibali hicho, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuenea kwake. Asiyeweza kuomba meno ya ukutani aliweza kuchimba.

Kazi tano kwa shimo moja

Swali la "lilikuwa la nini" huulizwa kana kwamba jibu ni moja. Aliyetumia siku 1,100 za kazi hakuchimba kwa sababu moja.

Kutoa unyevu tumeshakuona. Wizi ni jambo la pili, na wasomaji wa maeneo yenye wizi wa mifugo watalielewa haraka. Handaki la mita 8 lenye maji ya kifuani halimzuii mwizi mmoja asiye na kitu mkononi. Linamzuia kutoka na kitu. Farasi na ng'ombe huwashushi usiku kwenye ukingo wa utelezi na kuwapandisha upande wa pili bila kelele, na gunia la ngano hulivushi kwa kuogelea. Njia inabaki daraja, na darajani pana lango, mbwa na mtu. Karne ya 13 haikuwa tulivu mashambani. Miaka ya 1264 na 1265 makabaila walipigana na mfalme wao, na genge lenye silaha lilikuwa kitu cha kutarajiwa. Jeshi ni habari nyingine. Mshale wa upinde mrefu unafika mita 200, handaki lina mita 8, na nyuma yake hapana ukuta.

Tofauti na Fort Jesus iko hapo. Ngome ile, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ina handaki kavu upande wa bara, na juu yake kuna kuta zenye pembe zilizochomoza ili mizinga iweze kupiga urefu wa mtaro. Handaki la vita linatenda kazi kwa kuwa kuna mtu juu anayempiga anayekwama chini. Hata Bodiam, ambayo ni kasri kweli, lenye minara na ziwa zima kuizunguka, wataalamu wamebishana sana kuihusu, sababu mojawapo ikiwa kwamba tuta linaloyazuia maji yale lingeweza kukatwa na watu wenye masepetu.

Moto lilikuwa jambo la tatu. Paa za nyasi, majiko ya kuni, maji hatua kumi kutoka mlangoni: haihitaji maelezo.

Samaki wanatajwa sana, na hapa inafaa tahadhari. Ijumaa na Kwaresima nyama ilikatazwa, hivyo samaki wa maji baridi na mikunga walikuwa chakula na pia heshima ya kumkirimu mgeni. Handaki lilifugia, ndiyo. Lakini mfugaji yeyote wa samaki anajua kwamba bwawa zuri ni lile unaloweza kulikausha, ukavuna wote, ukasafisha tope na kuanza upya. Handaki la kuzunguka nyumba hulikaushi hovyo. Kwa hiyo wenye nafasi walichimba mabwawa madogo pembeni, yaliyounganishwa na handaki kwa mifereji yenye milango, na huko ndiko ufugaji hasa ulikofanyika. Ukiona vishimo virefu vilivyopangwa sambamba karibu na handaki kuukuu, umeona shamba la samaki. Jirani yake huenda palikuwa na banda la njiwa, na kisiwa cha pili cha bustani ya matufaha. Yapo hata mahandaki ambayo hayakuwahi kuzunguka nyumba. Yalizungushiwa bustani tu.

La tano ni kujionyesha, na mimi naliweka juu kuliko wengi wanavyoliweka. Maji yanamlazimisha mgeni asikatize. Anazunguka, anaiona nyumba upande huu na kivuli chake majini, anafika langoni, anasubiri. Ni geti kubwa la chuma lenye nakshi kwenye nyumba ya mtaani ambayo ukuta wake unarukika. Hakuna anayeamini geti lile litazuia kifaru cha jeshi, na mwenye nyumba hakulinunulia hivyo.

Mahali pake katika mashamba

Warwickshire inatoa somo zuri. Kusini ya mto Avon, eneo la Feldon, watu waliishi katika vijiji vilivyosongamana, na kuzunguka kijiji palikuwa na mashamba makubwa ya wazi ambayo kila kaya ilikuwa na vipande vyake. Kaskazini, eneo la Arden, palikuwa na misitu na malisho, na kaya zilitawanyika, kila moja katikati ya ardhi yake. Mtu aliyeona kijiji cha ujamaa Dodoma na baadaye akalala kwenye kihamba Kilimanjaro ameshaiona tofauti yenyewe. Mahandaki yamejaa Arden, Feldon ni machache.

Sababu ni kwamba tangu mwaka 1086, ulipofanywa ule uandikishaji mkubwa wa ardhi, hadi karibu 1300, watu Uingereza waliongezeka zaidi ya maradufu. Ardhi nzuri ilikwisha. Wenye nguvu wakaingia misituni na kwenye mfinyanzi mzito ulioachwa na babu zao, wakafyeka, wakajipatia mashamba ya mtu mmoja mmoja yasiyobanwa na kanuni za kijiji. Handaki likawa alama ya mpaka: hapa ni kwangu. Ndiyo maana mengi yako pembezoni mwa parokia, kando ya malisho ya jumuiya, au mwisho wa njia isiyoelekea popote. Yale yaliyo kando ya kanisa, katikati ya kijiji, kwa kawaida yalikuwa ya kabaila mwenyewe.

Ireland picha inageuka kidogo. Huko maboma ya handaki, yanayohesabiwa kwa mamia, yamejaa Wexford, Tipperary na Kilkenny, na mengi yalichimbwa na walowezi waliotoka Uingereza wakati ambao mpaka wao na Wagaeli, wenyeji wa Ireland, haukutulia. Kwao hofu ilikuwa ya kweli zaidi. Hata hivyo Wagaeli nao walichimba: Cloonfree, katika Roscommon, lilikuwa boma la mfalme wa Connacht mwanzoni mwa karne ya 14, na washairi waliliimba. Flanders na Uholanzi pia yapo mengi, kwenye nchi ambayo maji ni jirani wa kila mtu.

Kisha mambo yakaharibika. Mvua zisizokatika zilileta njaa kuu ya 1315 hadi 1317, na mwaka 1348 tauni ikaingia na kuua pengine theluthi, pengine nusu ya watu. Kibarua aliyebaki hakukubali tena peni moja. Mahandaki mapya yakapungua, ingawa matajiri wakubwa waliendelea. Oxburgh ni ya baada ya tauni kwa zaidi ya karne. Maboma mengine yakahamwa, na nyumba mpya ikajengwa hatua chache pembeni, mahali penye nafasi. Mengine bado yana watu. Jina "Moat Farm" kwenye ramani ya mashariki mwa Uingereza ni ishara nzuri kwamba shimo lipo au lilikuwepo.

Uvumi unaorudi kila mara

Mamba hawakuwepo. Baridi ya Januari tu ingewamaliza.

Njia ya siri ya chini kwa chini kutoka nyumbani hadi kanisani ni hadithi ya karibu kila kijiji chenye handaki. Fikiria kuchimba njia hiyo chini ya mtaro uliojaa maji, kwenye mfinyanzi, bila pampu. Kinachopatikana watu wakifukua ni mfereji wa matofali wa maji machafu. Baddesley Clinton wana kisa cha kweli kilichokaribiana na hadithi hizo: inaaminika kwamba Oktoba 1591 mapadri Wajesuiti, waliokuwa wakisakwa na serikali, walijificha humo kwenye mfereji wa zamani wa uchafu, wakasimama majini saa nne nzima huku nyumba ikipekuliwa juu yao. Kisa hicho kinakumbusha pia kwamba vyoo vya nyumba nyingi vilimwaga kwenye handaki. Pale maji yanapopita, huondoka nao. Pale yaliposimama, kiangazi kilikuwa na harufu yake.

Uvumi wa tatu ni kwamba mashimo haya ni ya Warumi au Wadenmaki. Wakulima wa zamani waliviita hivyo vitu vingi wasivyojua chanzo chake. Vigae vinavyotoka chini kabisa, kwenye tope la mwanzo, ndivyo vinavyoamua, na mara nyingi vinasema karne ya 13. Uvumi wa nne unatokana na handaki lenye pande tatu, ambalo watu husema halikumalizwa. Yapo ya hivyo tangu mwanzo, lakini mengine upande wa nne ulifukiwa na mwenye nyumba wa karne ya 17 au 18 aliyetaka nyasi na barabara ya farasi mbele ya mlango.

Na si kila shimo lenye maji ni handaki. Mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali hayana umbo. Bwawa la kunyweshea ng'ombe lina upande mmoja uliolala. Handaki hasa lina kona, lina kisiwa kilichosawazishwa, na lina mahali pa kuingilia. Siku hizi hata likiwa limefukiwa na kulimwa huonekana: ndege hupima mwinuko wa ardhi kwa miale ya leza, na tangu 2015 vipimo vya namna hiyo vya sehemu kubwa ya Uingereza vinapatikana bure kwa yeyote mwenye intaneti.

Yanapokufa, na yanapookolewa vibaya

Handaki lisiposafishwa hujaa lenyewe. Majani, matope kutoka mashambani, kingo zilizokanyagwa na ng'ombe. Ukikata kipande na kukitazama kwa ubavu, chini kuna mfinyanzi safi wa kijivu, juu yake tabaka jembamba jeusi lenye majani, vipande vya mbao na huenda kiatu cha ngozi, kisha vifusi vya nyumba iliyobomolewa, kisha udongo wa jembe. Tabaka jeusi ndilo hazina. Halina hewa, ndiyo maana ngozi na mbao havikuoza, na chavua iliyomo inaeleza mashamba ya jirani yalipandwa nini.

Mwenye nyumba anayeleta ekskaveta "kurudisha handaki kama zamani" anaweza kuliharibu kwa siku mbili kuliko miaka 700. Anatoa tabaka jeusi lote. Akizidisha kina kidogo tu, ndoo inatoboa mfinyanzi na kugusa mchanga ulio chini, na maji hayakai tena. Akilikausha kwa muda mrefu, mfinyanzi ulio chini ya nyumba unasinyaa, na kuta zinapata nyufa ambazo kulijaza tena hakuziondoi. Matope aliyoyatoa, akiyatandaza juu ya kisiwa, yanafunika misingi ya majengo ya kale, na mizigo ya trekta inaiponda.

Yaliyoorodheshwa rasmi na serikali yanalindwa na sheria ya mwaka 1979 ya mabaki ya kale: hutachimba, hutafukia wala kumwaga kitu bila kibali cha maandishi, na kupitisha kifaa cha kusakia chuma bila ruhusa ni kosa la jinai. Ukarabati wa Ightham Mote, ulioanza 1989, ulikwisha 2004 na kugharimu zaidi ya pauni milioni 10. Wasio na fedha hizo huelekezwa kufanya kidogo kidogo: kuzibua njia ya kutokea maji kwanza, kukata miti michanga kwenye kingo bila kung'oa mizizi, kuwazuia ng'ombe kwa uzio, na kutoa tope la juu tu, upande mmoja kwa mwaka. Kazi hiyo hufanywa kati ya Novemba na Januari, kwa sababu kwenye mahandaki mengi anaishi mnyama wa jamii ya chura anayefanana na mjusi, mwenye upanga kama wa jogoo mgongoni, naye analindwa na sheria nyingine kabisa. Miezi hiyo huwa ametoka majini na kulala chini ya magogo.